Silikoni za miaka tisa: kisa cha dada wa Mwanjelwa aliyeamua kuzitoa

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, jina lake silitaji na vitu vya kumtambulisha nimevibadili, ila mambo ya hospitali yako vile vile yalivyokuwa. Mimi ni nesi wa wodi ya upasuaji hapa Mbeya na huyu dada nlimfahamu kwanza mimi nikiwa mteja wake wa vitenge pale Mwanjelwa, baadae ndo akawa mgonjwa ninayemsindikiza. Wadada walioweka silikoni, vile vifuko vya kukuza matiti, wapo huku kwetu, waliwekewa nje wakarudi nyumbani, na ikifika siku wanataka kuzitoa hawana pa kuulizia, wanabaki na simu saa nane za usiku. Ndo maana nataka nieleze huyu mmoja mwanzo mpaka mwisho, hasa pale kwenye kuamua, maana mi naona watu wengi wanaumia kwenye kuamua kuliko hata kwenye kisu.

Ana miaka 38, watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu, mume ni dereva wa malori ya kupita Tunduma. Miaka tisa kabla aliwekewa silikoni za jeli nchi ya nje, chini ya msuli wa kifua, chale ikapita kwenye mkunjo wa chini ya titi. Miaka kama sita hakuwa na tatizo lolote, amezaa nazo na amenyonyesha nazo. Alafu titi la kushoto likaanza kukaza, likawa gumu, likapanda juu kuliko la kulia, akilalia ubavu huo linauma mpaka anaamka. Sambamba na hilo akaanza kuchoka uchovu ambao haueleweki, akiamka vidole na magoti vimekakamaa, nywele zinakatika, anasahau bei za vitambaa anavyoviuza kila siku. Akaingia kwenye simu. Usiku mmoja akasoma habari za saratani, usiku wa pili za wanawake wanaosema silikoni zimewalemaza, mpaka anakuja kwangu mwezi wa nne alikuwa ameshaamua, kaniambia, "Dada nesi, nataka zitoke wiki hii, kiwanja cha Uyole nimeshampa dalali akiuze."

Nlimwomba dalali asimamishwe kwanza. Sio kwamba nilitaka asizitoe, hapana, kwa lile titi la kushoto hata mimi nliona safari ya thieta inanukia. Shida ni kwamba alikuwa amefunga maswali matatu kwenye fundo moja. Swali la kwanza, je kuna hatari mwilini sasa hivi? La pili, je zikitoka ule uchovu na maumivu ya viungo vitaisha? La tatu, kifua kitabaki vipi na je ataweza kuishi nacho? Kila swali lina jibu lake na kipimo chake, na ukiyachanganya unaweza kukimbilia upasuaji kwa woga wa kitu ambacho hauna, au ukazitoa ukitegemea kupona kitu ambacho kinatoka kwingine kabisa.

Tukaanza na hatari. Alivyosoma, kila habari mbaya ya silikoni duniani ilikuwa inamhusu yeye. Kuna ile ya kampuni ya Ufaransa, PIP, ambayo bidhaa zake ziliondolewa sokoni 2010 baada ya kugundulika walikuwa wanajaza jeli ya viwandani ambayo haikuruhusiwa kwa matumizi ya mwilini, mwenye kampuni akahukumiwa kifungo 2013. Kuna ile ya Julai 2019, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilivyoitaka Allergan irudishe silikoni zake za aina ya BIOCELL, zenye uso wa kukwaruza, kwa sababu zilihusishwa na saratani ya limfu inayoota kwenye kile kifuko cha kovu kinachozunguka silikoni. Alafu kuna onyo la 2021, FDA ilipoagiza maelezo yanayoambatana na silikoni yawekwe onyo kali na mgonjwa apewe orodha ya mambo ya kusoma na kusaini kabla hajawekewa. Hizo zote ni habari za kweli. Lakini kujua ipi inakuhusu lazima ujue una nini kifuani, na hilo jibu liko kwenye kadi uliyopewa siku ya upasuaji.

Kadi haikuonekana. Hakuna kwenye mkoba, hakuna dukani, ikapatikana Tukuyu kwa mama yake kwenye bahasha ya vyeti vya shule. Kadi ndogo tu, ina jina la mtengenezaji, namba ya kila silikoni, ujazo, cc 325 kila upande, na aina ya uso. Uso wake ulikuwa laini. Na mtengenezaji sio katika wale wawili niliowataja. Nakumbuka alivyoisoma mara ya pili kwa sauti akashusha pumzi. Ile saratani ya limfu inahusishwa zaidi na silikoni za uso wa kukwaruza, na dalili yake kubwa ni titi kuvimba ghafla kwa maji miaka mingi baada ya upasuaji, au uvimbe unaoshikika. Hata wale wenye aina iliyorudishwa, FDA haijawaambia wakazitoe kama hawana dalili, imewaambia wajue dalili na wafuatiliwe. Kwahiyo wewe unayesoma hapa na kadi yako hujui iko wapi, itafute kesho, na kama imepotea andikia hospitali iliyokuwekea waombe ripoti ya upasuaji, wengi wanazo.

Kadi ikaondoa hofu moja ila haikutuambia titi la kushoto limekuwaje. Ultrasaundi tuliifanya hapa hapa Mbeya, ikaonesha silikoni ya kushoto kama imepasuka, jeli imetoka kwenye ganda lake ila bado imebaki ndani ya kifuko cha kovu, maji ya kuzunguka hamna ya kutisha. MRI aliyopiga baadae Dar ikathibitisha. Hapa niseme kitu ambacho huyu dada hakuwahi kuambiwa na mtu miaka yote tisa: silikoni hazitengenezwi kukaa mwilini maisha, na ile ya jeli inaweza kupasuka kimya kimya bila maumivu wala kubadilika umbo, ndo maana FDA inashauri ukaguliwe kwa ultrasaundi au MRI mwaka wa 5 au wa 6 tangu uwekewe, alafu kila baada ya miaka 2 au 3 hata kama huna shida. Na kwa kuwa shangazi yake aliumwa saratani ya titi tukamfanyia na mamogramu, ile eksirei ya matiti, ukienda kwenye hicho kipimo mwambie mtaalamu kabla hajaanza kwamba una silikoni, kuna namna ya kuzisogeza nyuma ili nyama ya titi yenyewe ionekane.

Jibu la swali la kwanza likawa hivi: saratani hakuna dalili yake, kushoto imepasuka na kifuko kimekaza sana, inafaa zitoke, ila sio dharura ya wiki hii. Kuna muda wa kupanga. Hilo neno "kuna muda" ndo lilimfanya alale usiku ule.

Swali la pili ndo gumu na hapa nataka nikae kidogo. Kuna daktari mmoja alimwona kabla yangu, alipomweleza uchovu na viungo akamjibu kwamba hayo aliyataka mwenyewe, asingeweka yasingempata, akamwandikia diclofenac akamtoa. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Mtu akija na maumivu anapimwa, habari ya aliyataka au hakuyataka haitibu kitu. Lakini upande wa pili kuna watu kwenye simu waliomwambia kila dalili aliyonayo ni silikoni, azitoe tu atapona yote, na hilo pia sio sawa. Ukweli uko hivi, wanawake wengi wenye silikoni wamelalamikia uchovu, viungo, kusahau, nywele, vipele, na malalamiko yao ni ya kweli, FDA yenyewe imeyaweka kwenye ile orodha ya kumsomea mgonjwa. Wengi wao wanasema wamepata nafuu baada ya kuzitoa. Ila mpaka sasa hakuna kipimo cha damu cha kusema huyu anaumwa kwa ajili ya silikoni na yule hapana, na hakuna daktari anayeweza kukuhakikishia kwamba zikitoka utapona. Anayekuhakikishia anakuuzia.

Kwahiyo tulipima vingine vyote vinavyoleta uchovu. Sukari, tezi ya shingo, figo, VVU, vipimo vya baridi yabisi, vyote vilikuja vizuri. Wingi wa damu ndo ukaja 8.7, yaani pungufu, na akiba ya chuma mwilini iko chini kabisa. Tukauliza hedhi, kumbe anatoka damu nyingi mno kila mwezi na ana faibroidi, uvimbe kwenye kizazi, ambazo alishaambiwa akazipuuza. Mtu mwenye damu 8.7 anachoka, anapumua kwa shida akipanda mlima wa Forest, nywele zinakatika, akili inakuwa nzito. Sio kwamba silikoni zimesafishwa kosa, hapana, ila hapo tayari tulikuwa na sababu moja ya uhakika ambayo kisu cha kifuani kisingeigusa. Na hata kwa upasuaji wenyewe, daktari wa usingizi yeyote makini hawezi kukupeleka kwenye upasuaji usio wa dharura na damu 8.7 wakati muda wa kuipandisha upo.

Akapewa vidonge vya chuma, na hapa kuna kitu cha huku kwetu. Damu haikupanda wiki za mwanzo kabisa. Kuuliza, anameza na chai. Sisi huku chai ya Rungwe iko mezani asubuhi, mchana na jioni, na chai inazuia chuma kuingia mwilini. Akahamisha vidonge, anameza na maji au juisi ya machungwa, chai anakunywa baada ya saa mbili. Baadae aliongezewa na chuma cha dripu. Ilipofika katikati ya mwezi wa sita damu ikasoma 11.4 na uchovu, kabla hata hajaguswa na kisu, ulikuwa umepungua kwa sehemu kubwa. Viungo bado. Titi bado.

Swali la tatu ni la kwake na mume wake zaidi kuliko langu, ila walinikaribisha. Mimi nlitegemea mume ataongelea umbo. Hakuongelea. Aliuliza je mwezi wa kwanza wakati wa ada mama wa nyumba ataweza kubeba mzigo wa vitenge kutoka Tunduma, na je kama zikitoka sasa itabidi zirudishwe tena baadae kwa hela nyingine. Maswali mazuri hayo. Daktari wa upasuaji rekebishi waliyemwona Dar aliwapa njia zote: kutoa na kuacha hivyo hivyo, kutoa na kuweka mpya, kutoa na kulinyanyua titi siku hiyo hiyo, au kutoa alafu baadae kujaza na mafuta yake mwenyewe kutoka tumboni au mapajani. Kuweka mpya dada alikataa palepale. Kunyanyua siku hiyo hiyo daktari ndo hakupenda, kwa sababu ngozi ya titi la kushoto imeshakuwa nyembamba na ukishatoa kifuko chote alafu ukakata na kusogeza chuchu, damu inaweza isifike vizuri kwenye chuchu. Akashauri zitoke, ngozi ipewe angalau miezi sita ijivute, ndo wakutane tena kuona kama hata anahitaji hicho kingine. Wakakubaliana.

Lingine walilobishana, kwa heshima tu, ni kile kifuko. Dada alikuja na sharti kutoka kwenye simu kwamba zitolewe na kifuko chake kizima bila kupasuliwa, la sivyo sumu itabaki. Daktari akamchorea. Mwili ukiwekewa kitu kigeni unakijengea utando wa kovu, kwa watu wengi unabaki laini, kwa wengine unakaza na kuwa mgumu kama ganda la parachichi lililokauka, na cha kwake cha kushoto kilikuwa kwenye daraja la nne, la mwisho, cha kulia daraja la pili. Kutoa vyote kwa pamoja bila kukifungua ni lazima pale kuna ile saratani ya limfu. Kwa asiye nayo, kinachotakiwa ni kutoa kifuko kwa kadri inavyowezekana kwa usalama, maana silikoni zikiwa chini ya msuli kile kifuko kinagandamana na mbavu, na ukilazimisha kukibandua kila kipande unaweza kutoboa utando wa mapafu, hewa ikaingia kifuani. Alimwambia, "Nitakitoa, ila nikifika sehemu iliyoshika ubavu nikaona ni hatari naiacha, na nitakuonesha picha." Mimi hiyo sentensi ndo ilinifanya nimwamini yule daktari. Anayekuahidi kila kitu kabla hajakufungua, mwogope.

Hospitali walichagua kwa maswali, nayaweka hapa kwa sababu watu wananiuliza sana. Nani anatoa dawa ya usingizi na je atakuwepo mpaka nimeamka. Mkipata shida usiku chumba cha uangalizi maalum kipo au mnaniita ambulensi. Kifuko na majimaji yatapelekwa maabara au yanatupwa. Nani napiga simu yake nikiwa Mbeya titi likivimba saa sita usiku. Kulikuwa na sehemu moja ya bei rahisi kweli, swali la maabara wakasema haina haja, akaachana nayo. Na bei ukiulizia hakikisha umeuliza yote, maana utatajiwa ya daktari tu alafu ukifika unakuta thieta, usingizi, kitanda, MRI, maabara, dawa na sidiria ya kubana vyote viko pembeni, bado nauli na pa kulala. Bima kwa kawaida haigusi mambo yaliyoanzia kwenye urembo. Kiwanja hakikuuzwa chote, waliuza nusu, na kile kipindi cha kupandisha damu ndo kilimpa nafasi ya kukusanya hela iliyobaki.

Upasuaji ulifanyika Dar mwishoni mwa mwezi wa sita, ulichukua kama masaa mawili na nusu. Ya kulia ilitoka nzima. Ya kushoto ilikuwa imepasuka kweli, kifuko kinene, kina chokaa ndani, na kipande kidogo kilichoshika ubavu wa nne kikaachwa baada ya kusafishwa. Picha ya eksirei ya kifua baada ya hapo ikaonesha mapafu yako salama.

Alitoka na dreni mbili, moja kila upande. Wengi dreni zinawatisha kuliko kidonda. Ni paipu laini inayotoa majimaji kwenda kwenye kichupa cha kubonyea, asubuhi na jioni unanawa mikono, unafungua, unamwaga kwenye kikombe cha vipimo, unaandika, unakibonyeza tena hewa itoke ndo unafunga. Ya kushoto siku ya kwanza ilitoa mililita 110, nyekundu, ikashuka 60, ikashuka 35, rangi ikaenda pinki alafu njano. Zilitolewa zilipofika chini ya mililita 30 kwa siku kwa siku mbili mfululizo. Muda wote huo alikaa kwa mama yake mdogo Kimara, hakurudi Mbeya na paipu, na hili nililisisitiza, masaa ishirini na nne ya kwanza damu inaweza kujikusanya ndani upande mmoja ukavimba ghafla na kuuma na hapo lazima urudi thieta haraka, na ukiwa njiani Mikumi utafanyaje?

Kurudi alirudi kwa ndege mpaka Songwe. Basi lingekuwa siku nzima au usiku mzima amekaa, miguu inaning'inia, na kukaa muda mrefu hivyo baada ya upasuaji kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye miguu, bado kona za Kitonga na mkanda unaopita kifuani. Asiye na nauli ya ndege akae Dar siku zaidi kama ana ndugu, na akipanda basi ashuke kila kituo atembee, mto mdogo uwe kati ya mkanda na kifua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata, usisubiri kufika.

Sasa Mbeya. Mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua, na mama yake mzazi kashuka kutoka Tukuyu kuja kumuuguza. Nlipofika jioni kuangalia kidonda nikakuta sufuria la maji ya moto na taulo pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umekuja wakati mzuri, nataka nimkande kifua, alivyojifungua nilimkanda hivi hivi akapona haraka."

Nikakaa chini kwanza, mama wa watu kaja na mapenzi huwezi kumkatia tu. Nikamwambia mama, hebu mguse hapa chini ya titi. Akamgusa. Nikamuuliza dada, unasikia mkono wa mama? Hasikii. Mishipa midogo ya fahamu ya ngozi inakatwa au inavutwa kwenye upasuaji na ganzi inaweza kukaa miezi, kwahiyo taulo la moto linaweza kumbabua na yeye asijue mpaka malengelenge yametoka, na joto linaweza kuongeza uvimbe. Mama akaangalia lile sufuria akaniuliza, "Sasa mimi nimfanyie nini?" Tukapata kazi: chupa ya maji ya moto imefungwa kitambaa iende miguuni, mito iwe mingi mgongoni alale nusu amekaa, na jikoni maharage, mayai, samaki wa Kyela, kidonda kinataka nyama na mayai kujengeka. Akacheka akasema ndaga fijo, yaani asante sana, hiyo naiweza.

Kingine nilichokitoa chumbani usiku ule ni jiko la mkaa. Huku kila mtu anawasha jiko ndani wakati wa baridi, madirisha yamefungwa, na ile hewa ya mkaa inaua watu wazima wenye afya, sembuse aliyelala na tramadol, dawa kali ya maumivu, ambaye hata kikohozi hakimwamshi. Ongeza blanketi. Jiko libaki nje.

Kazi za nyumbani ndo mtihani. Karatasi ya hospitali ilisema asibebe kitu kizito wiki sita, lakini karatasi haijui maisha ya Mbeya. Ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini, hiyo anaijua. Kusonga ugali hakukujua. Ugali wa watu sita unausonga kwa kifua, msuli ule ule ambao silikoni zilikuwa chini yake, vivyo hivyo kutwanga, kufua mablanketi kwa mkono, kufunga mtoto mgongoni na kitenge, kuvuta shata la duka. Bodaboda kwenye rafu road pia hapana. Vyote hivyo tulivihesabu kwenye wiki sita, akawa anatembea tu taratibu kila siku na kunyanyua mikono mpaka usawa wa bega, kidogo kidogo, bega lisikakamae.

Mtoto wa miaka mitatu lakini haelewi karatasi. Wiki ya tatu alianguka uwanjani akalia na mama mtu akamnyanyua kabla hajafikiri. Baada ya siku mbili upande wa kushoto ukavimba, ukigusa unacheza kama una maji, homa hana, wekundu hana. Tukaenda ultrasaundi, ni majimaji yamejikusanya pale silikoni ilipokuwa, daktari akayavuta kwa sindano, yakarudi kidogo, yakavutwa tena, yakaisha. Hili hutokea hata kwa ambaye hajabeba mtoto kwa hiyo sitaki mtu amlaumu. Ambacho kingetutisha ni homa, ngozi nyekundu yenye joto, usaha au harufu. Na hapo usiende duka la dawa kununua amoksilini ukajitibu, unaweza kuficha jipu linaloiva ndani.

Kioo nacho. Siku ya kwanza alivyofungua sidiria hapa nyumbani alilia, ngozi imekunjamana, kushoto kumeingia ndani kidogo, kulia kumelala. Nlimwambia ukweli kwamba hiyo sio sura ya mwisho, ngozi na nyama ya titi iliyokandamizwa miaka tisa inahitaji miezi kujipanga, na nikamwambia pia kwamba hakuna anayejua itafika wapi. Alipiga picha moja kila mwezi akaifunga kwenye simu. Mwezi wa tano baada ya upasuaji aliniita tukazipanga pamoja, mabonde ya kushoto yalikuwa yamejaa kiasi, matiti madogo, yamelegea, ila yanafanana. Nguo zake nyingi alizipeleka kwa fundi kupunguzwa. Ile ya kunyanyua amesema hataki kwa sasa.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki kadhaa, kovu na mabaki ya silikoni, hakuna saratani.

Sasa tukiangalia kilichopona na nini. Maumivu ya titi na kulalia ubavu, hayo yaliisha na upasuaji bila ubishi. Uchovu ulipungua zaidi ya nusu kabla ya upasuaji, kwa chuma, na ukaendelea kupungua baadae, siwezi kusema sehemu ya pili ni silikoni au ni damu kuendelea kupanda mpaka 12.9. Vidole asubuhi havikakamai tena, hilo lilibadilika mwezi wa pili baada ya upasuaji na sina maelezo mengine ya kuliweka, naliandika tu kama lilivyo. Magoti bado yanamsumbua, hasa siku za mzigo. Nywele zimerudi mbele. Faibroidi bado zipo na ndo ratiba inayofuata, maana zisipotibiwa damu itashuka tena.

Mzigo wa Tunduma alianza kuubeba mwezi wa kumi, vipande vidogo, na mwezi wa kwanza ada ililipwa.

Kilichobaki kwenye kifua ni kovu la kulia, limeanza kunenepa na kuwasha, kwenye ukoo wao wana keloidi. Tumelianza mapema, shiti za silikoni za kubandika juu ya ngozi masaa mengi ya siku, na sindano za steroidi ndani ya kovu anazodungwa na daktari wa ngozi kila baada ya wiki chache, limeshalainika. Matiti yake anaendelea kujichunguza kila mwezi baada ya hedhi na mamogramu imepangwa kwa sababu ya shangazi, na ile bahasha iliyokuwa Tukuyu sasa iko kwake ndani ya kabati, ina kadi, ripoti ya upasuaji, picha alizooneshwa na majibu ya maabara, na mume anajua ilipo.